Wote wameandikwa "Thailand"

Jumamosi asubuhi, Hmongtown, St. Paul. Kama unaishi Minnesota na asili yako ni kwetu Afrika Mashariki, unapajua: Como Avenue, palipokuwa kiwanja cha mbao zamani, sasa ni soko la vibanda vya nguo, mizizi ya dawa na simu, na kiangazi kikifika meza za mboga zinatoka nje. Bibi mmoja wa Kihmong, jamii iliyokimbia kutoka milima ya Laos, huuza majani ya maboga machanga, yenye vikonyo ambavyo bado vimejikunja. Anayafunga kwa mpira, anafuta mikono kwenye aproni, na bei anaionyesha kwa vidole. Nusu ya wateja wake ni Wahmong wenzake. Nusu nyingine ni sisi.

Mbele yangu kwenye foleni alisimama dada mmoja Mkenya, Mkisii, muuguzi. Akachukua mafungu manne. Tulikuwa tunasogoa tu, na hakuona haja ya kupunguza sauti, maana pale sokoni Kiswahili ni faragha yetu.

"Hawa wamekaa nchi hii miaka hamsini na bado wanauza mboga mezani. Angalia Wathai. Wameingia, wamefungua mahoteli kila mji. Kazi ni roho ya mtu."

Halafu, akiingiza mboga mfukoni: "Ni kama tu wale wetu wa kambi."

Mimi ni mtu wa Kasulu, magharibi mwa Tanzania. Nimekulia wilaya moja na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na aliposema "wale wetu wa kambi" nilijua anawasema akina nani: wakimbizi wa Kongo na Burundi. Nikamjibu jambo kuhusu vita. Akacheka, akasema vita viliisha zamani, tukaagana vizuri.

Lakini jibu langu lilikuwa jepesi, na kwa wiki kadhaa limekuwa likinirudia usiku zamu ikiwa shwari. Kusema "vita" ni kama kusema "hali ngumu". Hakuelezi kwa nini watu wawili waliotoka kando ya mto mmoja, Mekong, wakaishia nchi moja, mmoja awe na daftari la wafanyakazi na mwingine awe na meza ya mboga.

Ndiyo maana naandika.

Kwanza, alikuwa na nusu ya ukweli

Namba zinamuunga mkono, angalau za zamani. Sensa ya Marekani ya mwaka 2000 ilikuta asilimia 38 hivi ya Wahmong wakiishi chini ya mstari wa umaskini. Wathai walikuwa asilimia 14. Kipato cha familia ya kati ya Kihmong kilikuwa dola 32,400 kwa mwaka; cha Kithai, dola 49,600. Wenye shahada ya chuo kikuu miongoni mwa Wathai watu wazima walikuwa karibu asilimia 39. Miongoni mwa Wahmong hawakufika asilimia 8.

Na mwaka 2000 hali ilikuwa imeshapoa. Sensa ya 1990 iliwakuta zaidi ya asilimia 60 ya Wahmong ni maskini.

Angalia pia upande ambao huwa hatuuangalii. Familia ya kati ya Kimarekani mwaka huo ilipata kama dola 50,000. Yaani Wathai tunaowaona matajiri walikuwa sawasawa na jirani yao yeyote Mmarekani, tena wakiwa na elimu ya kumzidi. Hao ndio dada yetu aliowapigia mfano.

Nani alimchagua nani

Wathai walianza kuja kwa wingi baada ya sheria ya uhamiaji ya 1965. Tazama waliokuja: wanafunzi, madaktari, wauguzi, watu ambao shule zao Bangkok ziliwapa cheti kinachosomeka ng'ambo. Wakaja pia wanawake walioolewa na wanajeshi wa Kimarekani waliokuwa kwenye kambi za anga za Udon, Korat na U-Tapao. Kila mmoja alipita chujio. Ubalozi ulimuuliza ana nini, anajua nini, nani anamdhamini. Aliyekosa jibu alibaki kwao, na hao waliobaki hawaingii kwenye takwimu za Marekani hata siku moja.

Mkulima wa Isan, kaskazini mashariki mwa Thailand, ambaye mpunga wake uliungua jua na hakuwa na nauli hata ya kufika Bangkok, hayumo kwenye ule wastani wa dola 49,600.

Wahmong hawakupita chujio. Walichukuliwa jinsi walivyo.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, shirika la ujasusi la Marekani, CIA, liliwaajiri milimani Laos chini ya Jenerali Vang Pao kupigana vita ambavyo Washington ilikuwa haivitaji hadharani. Wanaume walipopungua, wavulana wa miaka kumi na mitatu, kumi na minne, wakapewa bunduki. Mei 1975 ndege chache zilimtoa Vang Pao na maofisa wake kutoka Long Tieng, kambi yao kuu. Waliobaki uwanjani wakaona ndege ya mwisho ikiondoka, wakaanza kutembea kuelekea mto.

Waliovuka Mekong walikuwa kijiji kizima: bibi asiyeona, mtoto mgongoni, mkulima wa mlimani ambaye hakuwahi kushika kalamu. Hata maandishi ya Kihmong yanayotumika sana leo yalitungwa na wamisionari huko Laos mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo mtu mzima aliyetua Marekani mwaka 1980 huenda hakuwahi kusoma kwa lugha yoyote.

Ukitaka kulinganisha kwa haki, mlinganishe na yule mkulima wa Isan aliyebaki. Kumlinganisha na daktari wa Bangkok ni kulinganisha mtihani na kijiji.

Mto uleule, vita vilevile

Hapa ndipo nilipokwama muda mrefu. Nilidhani hadithi ni mbili, ya wahamiaji na ya wakimbizi, zinazokwenda sambamba. Kumbe ni moja.

Ndege nyingi zilizoishambulia Laos ziliruka kutoka Thailand. Fedha za Kimarekani zilizojenga viwanja vile vya ndege zilijenga pia barabara za kaskazini mashariki, zikaajiri wapishi, makarani, madereva na wakalimani wa Kithai, zikaleta askari wenye dola za likizo. Ng'ambo moja ya mto vita vilileta lami na mshahara. Ng'ambo ya pili vilileta mabomu. Baadhi ya Wathai walipata njia ya kwenda Amerika kwa sababu ya kambi hizohizo: kazi, Kiingereza, mume.

Sisemi Wathai wamekula jasho la Wahmong. Muuza chakula wa Udon hakupanga vita. Nasema tu kwamba mtu anapouliza kwa nini huyu ana mtaji na yule hana, bajeti ya vita ni sehemu ya jibu, na huwa haitajwi.

Saa mia moja

"Wanapenda posho ya serikali." Hiyo nayo nimeisikia, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili.

Sheria ya wakimbizi ya 1980 iliruhusu msaada wa fedha kwa miezi 36 tangu mtu afike. Mwaka 1982 ikawa 18. Baadaye 12, na kufika 1991 ilikuwa 8. Mkulima wa mlimani alipewa miezi minane ajifunze lugha, apate kazi, ajitegemee.

Msaada wa wakimbizi ukiisha, familia maskini ilihamia posho ya kawaida ya kulea watoto. Majimbo mengine yaliwanyima wazazi wanaoishi pamoja, California iliwapa. Wahmong wengi wakahama kutoka Oregon na kwingineko kwenda Fresno na miji ya jirani, wakifuata pia ndugu na mashamba. Lakini posho hiyo ilikuwa na kanuni: mzazi mwenye jukumu la kulisha nyumba akifanya kazi zaidi ya saa 100 kwa mwezi, anahesabiwa hana shida tena. Posho inakatika, haijalishi analipwa kiasi gani.

Piga hesabu mwenyewe. Katikati ya miaka ya 1980 kima cha chini cha mshahara kilikuwa dola 3.35 kwa saa. Mwezi mzima wa saa 160 ni dola 536, kabla ya makato. Nyumbani kuna watoto saba. Ukiichukua kazi hiyo unapoteza posho, na bima ya matibabu nayo inaingia mashakani.

Wewe ungeichukua?

Dada yule ni mama wa watoto watatu na najua angefanya nini, kwa sababu mama yeyote mwenye akili angefanya hivyohivyo. Wanawake wakashona paj ntaub, vitambaa vya nakshi vya Kihmong, wakauza kimyakimya, wanaume wakakodi ekari chache wakalima maharage marefu, pilipili na mchaichai. Kazi ilikuwepo tele. Haikuwa kazi ya kuandikwa kwenye fomu.

Mwaka 1996 Bunge likaja na sheria nyingine, ikawakatia wageni wasio raia posho ya wazee na walemavu. Wazee waliopigania Marekani wakapokea barua za kukatiwa, katika lugha ambayo wengi wao walikuwa hawaisomi. Sehemu kubwa ilirekebishwa mwaka uliofuata, na mwaka 2000 sheria maalumu iliwasamehe mtihani wa Kiingereza wapiganaji wa zamani waliotaka uraia. Robo karne baada ya ile ndege ya mwisho.

El Monte

Nikajiona nimepata jibu: Wathai walichujwa, Wahmong walibebwa, tumemaliza. Kisha nikakumbuka El Monte, na jibu likaingia ufa.

Tarehe 2 Agosti 1995, maofisa walivamia jengo la ghorofa katika mji wa El Monte, nje kidogo ya Los Angeles. Ndani walikuta Wathai 72, wengi wao wanawake, wakishona nguo nyuma ya uzio wa seng'enge. Baadhi walikuwa humo kwa miaka saba. Walikula hapo, walilala hapo, nauli yao ya kuja Marekani ilikuwa imegeuzwa deni lisiloisha, na nguo walizoshona ziliuzwa kwenye maduka makubwa unayoyajua. Walipookolewa, serikali iliwaweka kizuizini kwanza. Wanasheria, akiwemo Julie Su aliyekuwa kijana bado, na shirika la jamii la Thai Community Development Center waliwapigania mpaka wakatoka, na kesi dhidi ya makampuni ya nguo ikaleta fidia ya zaidi ya dola milioni nne.

Miaka minne baada ya uvamizi ule, Los Angeles ilitangaza rasmi Thai Town, kipande cha Hollywood Boulevard. Watalii wanakwenda kula. Wachache wanajua kwamba hao walioshonea seng'engeni nao ni Wathai wa eneo hilohilo.

Kwa hiyo "Wathai" kama kundi moja la kiuchumi hawapo. Kuna mke wa daktari, kuna mpishi anayelala jikoni kwa sababu viza yake imeisha, na wastani unawakalisha kwenye kiti kimoja. Umaskini wa Wahmong unaonekana kwa kuwa uliandikwa: kila familia ilikuwa na faili, mdhamini, ofisa wa ustawi. Umaskini wa Mthai umefichwa, mara nyingi na mwenyewe, kwa sababu anayeonekana anaweza kufukuzwa.

Kibao cha mlangoni

Turudi kwenye mahoteli, maana ndiyo hoja iliyoanzisha yote haya.

Mwaka 2002 serikali ya Thailand ilizindua mpango wa kusambaza migahawa ya Kithai duniani. Kulikuwa na mafunzo ya wapishi, mikopo, na baadaye nembo ya serikali ya kuthibitisha chakula. Isitoshe, Thailand ina mkataba na Marekani wa mwaka 1966 unaomruhusu raia wake mwenye mtaji kuomba viza ya mwekezaji. Raia wa Laos hana njia hiyo. Mhmong hana hata nchi ya kumtilia saini mkataba kama huo.

Matokeo yake yanachekesha kidogo. Ukila kwenye mgahawa wa "Thai" hapa Minnesota, pengine mwenye mgahawa ni Mlao au Mhmong. Mmarekani wa kawaida anaijua pad thai, tambi za kukaanga, kwa hiyo kibao kinaandikwa anachokijua, na chakula cha nyumbani kinasubiri ukurasa wa mwisho wa menyu, au kinapikwa kwa wanaojua kukiomba. Jina la taifa ni mtaji. Asiye na taifa hulikopa.

Kwa hiyo dada yetu, akihesabu "mahoteli ya Wathai" kutoka dirisha la gari lake, alikuwa anahesabu na ya Wahmong.

Safu moja ndani ya nyingine

Jambo lililonisimamisha kabisa ni dogo. Takwimu nyingi za wahamiaji hazipangwi kwa kabila. Zinapangwa kwa nchi ya kuzaliwa. Ban Vinai, kambi kubwa kuliko zote za Wahmong, ilikuwa mkoa wa Loei, Thailand. Ilibeba zaidi ya watu 40,000 wakati mmoja na ilifungwa 1992. Watoto walizaliwa humo kwa maelfu. Wakaja Marekani na karatasi imeandikwa: mahali pa kuzaliwa, Thailand.

Minnesota na Wisconsin, ukisoma "wazaliwa wa Thailand", wengi wao ni Wahmong.

Fikiria sasa mtu anayelinganisha "wahamiaji kutoka Thailand" na Wahmong. Anachukua sehemu ya kundi la pili, anaitia kwenye la kwanza, kisha anashangaa tofauti. Au anashangaa ufanano.

Na Thailand yenyewe haikuwahi kuwaita watoto hao raia wake.

Wetu wa kambi

Hapo ndipo Kasulu ilipoingia. Watoto wa Kikongo na Kirundi waliozaliwa Nyarugusu na Mtabila, wakapelekwa Ohio, Texas, Iowa, karatasi zao zinasema Tanzania. Wanaongea Kiswahili kizuri kuliko wapwa zangu wa Dar. Kwenye jedwali wanakaa safu moja na Mtanzania aliyekuja kwa viza ya masomo, baba yake akiwa na nyumba Mikocheni. Siku moja mtafiti atatoa wastani wa "Watanzania", na wastani huo hautamfanana yeyote.

Kuna jambo jingine ambalo Wakenya na Watanzania wengi wa hapa hawalijui, au wanalijua na hawalisemi: mkimbizi halipiwi tiketi ya ndege, anakopeshwa. Familia ya watu tisa inatua na deni la tiketi tisa, na baada ya miezi michache bili inaanza kuja. Nimekaa mezani na baba mmoja wa Fizi, mashariki mwa Kongo, akinionyesha karatasi hiyo, aniulize kama ni faini. Alikuwa anafanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama. Huyo ndiye tunayemwambia hajitumi.

Tena wenyewe tulichujwa. Muuguzi wa Kisii alipita mtihani, ukoo ukamchangia nauli, akafikia kwa binamu aliyeshakuwa na gari na nyumba. Simnyimi jasho lake. Zamu mbili mfululizo ni zamu mbili. Nasema tu harambee ile ilikuwa mtaji, na kambini harambee haifanyiki.

Wahmong waliielewa hiyo mapema kuliko wataalamu. Serikali na makanisa waliwatawanya kidogokidogo, familia hapa, familia kule, ili wazoee haraka. Wao wakajikusanya upya, koo kwa koo, St. Paul, Fresno, Milwaukee. Mwaka 2004 serikali ilipoanza kuchukua kundi kubwa la mwisho, Wahmong wapatao 15,000 kutoka Wat Tham Krabok, hekalu la Thailand walikokuwa wamepiga kambi, waliokuja St. Paul walipokewa na watu wenye miaka thelathini mjini: anayejua basi, anayejua meneja wa kiwanda, anayeweza kusimama dhamana ya kodi. Wakaja na mikono mitupu kama waliotangulia, lakini hawakuanza walipoanza wenzao.

Tangu sensa ile ya 2000, kiwango cha umaskini cha Wahmong kimeshuka kwa kama nusu. Mwaka 2002 Mee Moua aliingia Seneti ya Minnesota. 2021 Sunisa Lee wa St. Paul alichukua dhahabu ya jimnastiki kwenye Olimpiki ya Tokyo. Novemba 2025 mji ulimchagua Kaohly Her kuwa meya. Na bado uwe mwangalifu unaposoma kipato cha kaya ya Kihmong leo, maana kaya hiyo mara nyingi ina wafanyakazi watatu au wanne na midomo mingi zaidi. Gawanya kwa kichwa kwanza.

Pa kurudi

Tofauti moja haimo kwenye jedwali lolote nililoliona. Mthai wa Los Angeles akichoka, ana pasipoti. Anaweza kununua kiwanja Chiang Mai, akajenga polepole kwa dola, akastaafu huko, akazikwa na hekalu la kijijini kwao. Akiba yake ina pa kwenda, na hata asiporudi, anajadiliana na maisha ya Marekani akijua anaweza kuondoka.

Mwaka 2025 Marekani iliwafukuza Wahmong wenye hukumu za zamani, wakiwemo waliozaliwa kambini Thailand wakaletwa wachanga. Karatasi za hao zinasema wamezaliwa Thailand. Wamepelekwa Laos, nchi ambayo baadhi yao hawakuwahi kuikanyaga, na ambayo wazazi wao waliikimbia kwa kuwa walipigana upande wa Marekani.